Mama wa Kukodi, Baba wa Kweli

Alhamisi, katikati ya Machi

Mvua imeanza alfajiri na hadi sasa, saa kumi na mbili jioni, haijaamua kama inaendelea au inakwenda zake. Mtaa wetu wa Rusimbi, hapa Kigoma, wote ni tope. Viatu vyangu vya kazini nimeviacha nje mlangoni, na mimi nimekaa kitandani nachapa kwa kidole gumba kwenye simu, kwa sababu kompyuta iko shuleni na sina hamu ya kuiona shule.

Siku imekuwa mbaya. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Kuna mwingine anayestahili huruma hiyo, na saa hizi yuko huko juu, ukishaipita Gombe, kwao.

Mwanafunzi wangu ameondoka shule leo, na aliyemwondoa ni mimi.

Nitamwita Sifa. Si jina lake, na wengine wote nimewabadilisha majina pia. Mimi mwenyewe wanafunzi wananiita Madam tu, kama walimu wote wa kike, kwa hiyo hapo sina cha kuficha. Sifa yuko kidato cha tatu, mkondo B, darasa langu. Msichana mrefu, mwembamba, sauti nzito isiyolingana na umbo lake. Tangu ahamie kwetu mwaka jana akitokea Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, haijapita wiki jina lake lisitajwe kwenye ofisi ya walimu, na halitajwi kwa wema.

Ana tabia ya kumkatiza mwalimu. Atanyoosha mkono, asiporuhusiwa ataongea hivyo hivyo. "Mwalimu, umeruka hatua." "Mwalimu, hapo hujaeleza." Hilo la kuruka hatua alimwambia Mwalimu Msafiri wa Hisabati mbele ya darasa zima, na darasa likacheka, na Msafiri akalala na hasira, akaamka nayo na kuja nayo kwangu. Sifa ukimwambia akae, anakaa. Ukimwambia aombe msamaha, hapo ndipo shughuli inapoanza. Atautazama ukuta mpaka kengele ilie. Mwezi uliopita alichana karatasi ya jaribio kwa sababu, alisema, swali la sita halikuwa na jibu. Baadaye akatoka darasani katikati ya kipindi bila kuaga, akakutwa amekaa nyuma ya maabara na daftari lake.

Kila tukio nililiandika mwenyewe kwenye daftari la nidhamu, kwa mwandiko wangu mzuri. Kurasa tatu.

Maana mimi si mwalimu wa darasa tu. Ndimi pia mwalimu wa ushauri na unasihi, na mwezi wa kwanza nilipelekwa semina ya siku mbili ya kusikiliza wanafunzi. Ndiyo, kuna semina ya kusikiliza. Tulikaa wawili wawili kwenye viti vya plastiki tukafundishwa: usikae nyuma ya meza, inama mbele kidogo, tikisa kichwa, rudia alichosema mtoto ili ajue amesikika, itaje hisia yake hata kama yeye hajaitaja. Nilipewa na cheti. Niliporudi nacho, wenzangu walicheka mpaka machozi, kwa sababu kwa kuongea mimi sina mpinzani pale shuleni. Makamu mkuu alisema ni sawa na kumpa kuku cheti cha kuogelea.

Nilicheka nao. Lakini moyoni nilijiona nimeiva.

Sasa nieleze habari ya mama wa kukodi, maana bila hiyo ya leo hayaeleweki.

Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya lile la kutoka darasani, tulimwambia Sifa maneno ambayo kila aliyesoma nchi hii anayajua: usirudi bila mzazi. Hapa mjini anaishi kwa shangazi yake, dada wa baba, na tulitegemea atakuja naye. Jumatano akaja na mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha njano. "Mimi ni mama yake mdogo," alisema. "Mama yake mzazi anaumwa." Akapiga viganja taratibu kama Waha wanavyosalimia kwa heshima, akapiga goti nusu mbele ya makamu mkuu, kisha akamgeukia Sifa.

Sijawahi kuona mtoto akisemwa vile. Alianza kwa Kiha, akaja kwenye Kiswahili, akarudi kwenye Kiha. "Mwana wanje, mwanangu, walimu hawa wamekukosea nini? Mimi nashinda na njaa ili wewe usome, halafu wewe unakwenda kukaa nyuma ya maabara? Nyuma ya maabara, Sifa?" Akalia machozi ya kweli. Mwalimu wa Kiingereza akamletea kiti. Mimi nikampa leso yangu. Sifa alisimama kichwa chini. Tukaridhika wote, tukamsamehe, tukamsindikiza mama mpaka mlangoni.

Alipofika getini, Msafiri, aliyekuwa amesimama dirishani, akasema polepole, "Yule si ndiye aliyekuja muhula uliopita kama shangazi wa yule kijana wa kidato cha pili?"

Kitenge kilikuwa kile kile.

Ikaja kujulikana kwamba ni muuza mihogo ya kukaanga karibu na soko la Mwanga. Ukiwa na kesi shuleni unamwendea, unamsaidia kumenya mihogo jioni mbili tatu, naye anakuja kuwa mama, shangazi au dada mkubwa, kulingana na uzito wa kosa. Makamu mkuu alisema yule mama ana watoto wengi shuleni kwetu kuliko mzazi yeyote wa kata. Tulicheka, na mimi nilicheka. Kicheko kilipoisha nikabaki na hasira. Nilimpa leso yangu jamani. Nililainika mbele ya wenzangu, mimi mwenye cheti, kwa machozi ya muuza mihogo.

Na kwa nini Sifa hakumleta shangazi yake wa kweli, ambaye nyumba yake haiko mbali na shule? Swali hilo lilikuwa limekaa pale wazi kabisa. Sikuliuliza. Ningeliuliza, ningejibiwa kwamba shangazi angempigia kaka yake siku hiyo hiyo, na huenda mengine yote yangefuata vizuri.

Kesho yake nikamwita maktaba. Nikasogeza meza pembeni, nikaweka viti viwili kwa mshazari kama tulivyoelekezwa, nikainama mbele kidogo.

"Madam, nipe adhabu yoyote," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nitafyeka uwanja wote peke yangu. Ila baba asiitwe."

"Kwa hiyo unasema hutaki baba yako aitwe."

Alinitazama kama anayepima iwapo niko sawa. "Ndiyo, Madam. Ndivyo nilivyosema."

"Unamwogopa."

"Simwogopi."

Nikatikisa kichwa. Kwenye semina walituambia mtoto anayepigwa nyumbani mara nyingi hukana. Basi nikawa nimeshapata jibu langu, na nilikuwa nimelipata ndani ya dakika mbili, nikajipongeza.

"Baba akija, Madam, ata..."

"Nimekuelewa, Sifa. Usijilazimishe kueleza yanayokuumiza."

Nakumbuka sentensi hiyo kwa sababu ilinipendeza nilipoisema. Akajaribu tena, "Hapana, Madam, baba akija..." nikamshika mkono nikamwambia nimekuelewa. Nikihesabu sasa, nadhani nilisema nimekuelewa mara nne, na kila mara yeye alikuwa katikati ya sentensi ile ile moja. Ya nne akafunga mdomo akageukia ukuta. Nikaona ni ujeuri wake ule ule tuliouzoea.

Nikaamua baba lazima aje. Wala si kwa kumshtakia mtoto, hapana, nilikuwa na nia safi kabisa. Nilitaka nimkalishe chini nimpe ushauri juu ya kupiga watoto. Namba yake nikaitoa kwenye fomu ya kujiunga, na jana jioni nikampigia. Nikajitambulisha, nikasema tunamhitaji shuleni kuhusu mwenendo wa binti yake.

"Nimesikia, mwalimu," alisema. "Nakuja."

Hakuuliza kosa ni nini. Mzazi gani anayeitwa shule haulizi kosa ni nini? Nilikata simu nikaendelea kusahihisha madaftari.

Basi leo asubuhi amekuja. Boti za Mwamgongo huondoka huko bado giza zikafika mwalo wa Kibirizi watu wakiwa wanakwenda kazini, na kwa mvua ya leo alifika ofisini kwetu amelowa chapachapa, viatu kavivua mlangoni. Mtu mfupi, mpole, vidole vimejaa alama za zamani za kukatwa na nyuzi. Anashona nyavu za watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu wetu. Poleni na kazi."

Nikamkaribisha kiti. Sifa akaitwa, akasimama kando ya baba yake. Nikafungua daftari la nidhamu.

Kwa mtu mwenye cheti cha kusikiliza, niliongea karibu dakika ishirini bila kupumzika. Nilisoma kurasa zote tatu. Nilisoma na saa ya tukio, na mahali, na majina ya mashahidi. Baba yule alisikiliza kila neno, mikono kwenye magoti, na nilipofika mwisho wa kila kosa alikuwa akiitikia taratibu "ehe" kama mtu anayeandika kichwani. Nilipomaliza nikafika kwenye lile langu la siri.

"Baba, nyumbani mtoto huyu akikosea huwa unafanyaje?"

"Namuuliza."

"Hujawahi kumpiga?"

Alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, akashangaa kidogo. "Huyu? Sijampiga tangu azaliwe."

Nilimwangalia Sifa ili nione kama ataonyesha kwamba ni uongo. Alikuwa anamtazama baba yake kwa jinsi ambayo, nikisema ukweli, mimi sikuwahi kumtazama wangu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipojitilia shaka.

Baba akainuka. "Nakushukuru sana mwalimu kwa kuniita. Umenitendea vizuri. Sasa naomba nimchukue mtoto."

Nikafikiri anataka waongee pembeni. "Sawa kabisa baba, kaongeeni, kipindi cha tatu arudi darasani."

"Hapana, mwalimu. Namchukua twende nyumbani."

Nikamwomba akae tena. Akakaa, kwa adabu tu, akanieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Dada yake huyu alisoma mjini hapa, shule nyingine. Walimu waliniita. Mara ya kwanza nikasema ziwa limechafuka, nitakwenda likitulia. Mara ya pili nikasema nina nyavu za watu, nikizimaliza nitakwenda. Nilipokwenda mwenyewe, mtoto hayupo. Mara tunaambiwa yuko Kalemie, mara Uvira. Mama yake mpaka leo akisikia boti ya Kongo imetia nanga anatoka nje kuangalia."

Sikusema nimekuelewa.

"Huyu alipoomba kuja mjini, maana kwetu hakuna mwalimu wa Hisabati na yeye anataka mambo ya sayansi, nilimwambia neno moja. Siku shule itakaponiita, sitangoja wito wa pili. Nitakuja na boti ya kwanza na tutarudi wote wawili. Akakubali. Tukapeana mikono, mama yake akiwepo."

Baba akija, Madam, atanichukua. Ndiyo ilikuwa sentensi nzima, maneno matatu ukiniondoa mimi.

Nikaanza kujitetea, yaani kumtetea Sifa, ila kwa kweli nilikuwa najitetea mimi. Nikasema makosa haya ni madogo, ni ya umri, watoto wote wako hivyo. Alilitazama daftari pale mezani. "Kurasa tatu, mwalimu," alisema, bila dharau yoyote. Nikakimbilia kwa mkuu wa shule, mkuu akasema mzazi ana haki juu ya mtoto wake na tena sisi ndio tuliomwita. Niliporudi Sifa alikuwa ameshafunga begi. Hakulia. Akaweka mbele yangu kitabu cha Hisabati cha shule alichokuwa ameazima, akakinyoosha kona iliyokunjika, akasema, "Hiki ni cha shule, Madam," wakatoka kwenda kwa shangazi kuchukua vitu vyake.

Boti za kurudi zinaondoka mchana. Mchana huo nilikuwa darasani nafundisha Historia kidato cha pili. Mtu akiniuliza nilifundisha nini, sijui.

Wakati wa chai ya mchana, boti ikiwa imeshaondoka, ofisi ilikuwa na furaha yake. Mmoja akasema sasa 3B itapumua. Mwingine akaigiza sauti ya Sifa, mwalimu hapo hujaeleza, watu wakacheka. Msafiri hakucheka. Alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho kilishaisha chai.

"Siku ile aliposema nimeruka hatua," alisema, "nilikuwa nimeruka."

Akakisukuma kikombe pembeni.

"Na swali la sita kweli halikuwa na jibu. Nilinakili vibaya, nikaweka kujumlisha badala ya kutoa. Niligundua wakati nasahihisha. Watoto wote waliandika jibu la kubuni, yeye peke yake ndiye aliyeng'ang'ana nalo mpaka muda ukaisha."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Nadhani nilipandisha sauti.

"Ungeniuliza ningesema. Wewe ulikuja na kalamu ukaniuliza amefanya nini." Akaweka kijiko chini. "Halafu ningesemaje, Madam? Kwamba mtoto amenisahihisha ubaoni nami nikamshtaki? Tangu siku ile somo la 3B naliandaa mara mbili. Nafanya kila swali nyumbani kwanza kwa sababu najua yumo mle ndani ananifuata mstari kwa mstari. Miaka yote nafundisha sijawahi kupata mtu wa kunifuata hivyo. Sasa atanifuata nani?"

Nilimkasirikia kama saa nzima. Nikasema moyoni, mwanamume mzima, anamwachia mtoto abebe kosa lake. Kisha nikafungua daftari la nidhamu nikasoma tena lile tukio la nyuma ya maabara. Nimeandika saa. Nimeandika siku. Nimeandika "alikutwa ameketi chini akiwa na daftari." Mle ndani ya daftari kulikuwa na nini, sikuandika, kwa sababu sikuuliza. Siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya jaribio, kipindi kilichofuata swali la sita.

Hasira ikarudi kwangu, mahali pake.

Nilingoja mpaka saa kumi, nikijua wakati huo boti imefika, nikapiga. Alipokea baba. Akasema wamefika salama, kulikuwa na mawimbi karibu na Gombe ila wamefika. Nikasema kwa mkupuo mmoja kwamba naomba Sifa arudi, kwamba tumekosea, kwamba swali la sita halikuwa na jibu. Nadhani hakuelewa habari ya swali la sita.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mwalimu, nikuulize. Yale ya asubuhi yalikuwa kweli?"

"Yalikuwa kweli, baba. Lakini hayakuwa yote."

"Hayo mengine, asubuhi ulikuwa nayo?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya kwa mambo madogo kuliko hilo. "Sikuwa nayo," nikasema.

Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, akiuliza kitu kwa Kiha. Baba akarudi kwenye simu. "Mama yake yuko hapa. Nimemsomea yote kama ulivyonisomea. Ananiuliza, huko shuleni kwa mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyesema jema la mtoto? Nimwambie nini?"

Nikalifungua tena daftari la nidhamu, nikapekua kurasa zote tatu nikitafuta jema moja. Alikuwa ananingoja, kwa uvumilivu ule ule wa asubuhi.

"Kama lipo," alisema mwishoni, "lisije kwa simu. Simu za shule nimeshazisikia. Njoo uliseme hapa, mama yake asikie, na mwenyewe asikie. Karibu sana, mwalimu."

Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Amelalamika kuhusu vipindi, kisha ametoa. Kesho mchana napanda boti Kibirizi, nitalala Mwamgongo, na Jumamosi asubuhi nitarudi. Msafiri amesema anakuja. Ni mtu wa Dodoma, ana miaka sita Kigoma na hajawahi kukanyaga boti hata ya kupigia picha. Ameshauliza mara tatu kama maboya ya kuokolea yapo. Anakuja na ile karatasi ya maswali ya jaribio ili akaseme mbele ya wazazi kwamba kosa lilikuwa lake. Sikutegemea, na nimeacha kumkasirikia. Tutakwenda wawili. Kama tutarudi watatu, sijui. Baba anaweza kutusikiliza, akatuandalia ugali na migebuka, akatushukuru, na bado akakataa. Ni mtu wa neno lake, na neno lake lilimgharimu binti mmoja kulipata.

Msafiri ana karatasi yake. Mimi nina nini?

Nimekaa hapa tangu saa kumi na moja nikijaribu kuandika ukurasa mmoja wa mema ya Sifa, nikamsomee mama yake kama baba alivyomsomea ya kwangu. Nimepata mistari mitatu. Ana akili za Hisabati. Haandiki jibu la kubuni. Hakati tamaa. Nimeisoma tena nikaona yote mitatu nimeambiwa na Msafiri leo kwenye chai. Mtoto nimekaa naye mwaka mzima, nikimwita jina kila asubuhi, na sina jambo moja jema juu yake nililoliona kwa macho yangu.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba sina. Kisha nikakumbuka.

Leo asubuhi, nilipokuwa nasoma ukurasa wa kwanza, baba yake alikuwa anatetemeka. Alikuwa amelowa, na amekaa kwenye boti na upepo tangu giza. Sifa alivua sweta lake la shule, taratibu ili asinikatize, yeye anayemkatiza kila mtu, akalitandaza mabegani mwa baba yake na kushika ncha zake zisidondoke. Mimi nilitupa jicho mara moja tu, nikarudisha uso kwenye daftari. Nilisema, "Vaa sweta lako, hapa ni shule," nikaendelea kusoma kosa la pili.

Alilivaa.

Hilo nililiona. Nitamwambia mama yake hilo, na nitamwambia na nilichosema.